Dorothy L. Sayers

Dorothy Leigh Sayers (Oxford, 13 Juni 1893 – Witham, 17 Desemba 1957) alikuwa mwandishi wa riwaya na tamthilia, mshairi na mfasiri kutoka nchi ya Uingereza. Anajulikana hasa kwa hadithi zake za upelelezi zinazomhusu Lord Peter Wimsey. Katika historia ya redio anakumbukwa kwa The Man Born to Be King, yaani "Mtu Aliyezaliwa Awe Mfalme", mfululizo wa michezo 12 ya redio kuhusu maisha ya Yesu Kristo, uliorushwa na shirika la utangazaji la BBC kuanzia Desemba 1941 hadi Oktoba 1942.

Mfululizo huo ulitayarishwa katikati ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Kabla ya kufika kwa wasikilizaji ulipitia mkataba uliochanwa vipande, malalamiko ya vyama vya kidini, vichwa vikali vya habari magazetini na swali bungeni. Gharama yake kubwa haikuwa ya fedha. Ilitokana na maswali mawili ambayo kila anayegeuza Injili kuwa mchezo wa redio hukutana nayo: nani ana neno la mwisho juu ya mswada, na je, Yesu anaweza kusikika akizungumza lugha ya kila siku bila kuvunjiwa heshima?

Maisha ya awali na elimu

Dorothy alikuwa mtoto pekee wa Henry Sayers, kasisi wa Kanisa Anglikana, na mke wake Helen Mary Leigh. Alipozaliwa, baba yake alikuwa mkuu wa shule ya wanakwaya wa kanisa kuu la Christ Church mjini Oxford. Mwaka 1897 familia ilihamia parokia ya Bluntisham, katika nchi tambarare yenye mabwawa ya mashariki mwa Uingereza. Mazingira hayo aliyatumia baadaye katika riwaya yake The Nine Tailors (1934).

Baba yake alianza kumfundisha Kilatini akiwa bado mtoto mdogo, naye alijifunza pia Kifaransa na Kijerumani nyumbani. Mwaka 1909 alipelekwa katika shule ya bweni ya Godolphin mjini Salisbury. Mwaka 1912 alipata ufadhili wa masomo katika Somerville, chuo cha wanawake cha Oxford, alikosoma lugha za kisasa na fasihi ya Zama za Kati. Alimaliza mwaka 1915 akiwa na daraja la kwanza, lakini wakati huo Chuo Kikuu cha Oxford hakikuwapa wanawake shahada. Utaratibu ulipobadilishwa mwaka 1920, Sayers alikuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza kutunukiwa.

Matangazo ya biashara na hadithi za upelelezi

Baada ya masomo alitoa vitabu viwili vya mashairi, akafanya kazi kwa mchapishaji Blackwell mjini Oxford, kisha katika shule moja huko Normandy, Ufaransa. Mwaka 1922 aliajiriwa na S. H. Benson, kampuni ya London iliyotunga matangazo ya biashara. Alikaa huko kwa karibu miaka tisa, na alishiriki katika kampeni maarufu ya haradali ya Colman's. Kazi hiyo ilimfundisha kuandika kwa maneno machache yanayomnasa msikilizaji mara moja, ustadi uliomfaa sana alipoanza kuandikia redio. Maisha ya ofisi hiyo aliyaeleza katika riwaya ya Murder Must Advertise (1933).

Riwaya yake ya kwanza, Whose Body?, ilitoka mwaka 1923. Ndani yake alimtambulisha Lord Peter Wimsey, mtu wa ukoo wa kikabaila anayechunguza mauaji kwa kupenda tu. Riwaya nyingine zilifuata, zikiwemo Strong Poison (1930) na Gaudy Night (1935). Mwaka 1930 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Detection Club, chama cha waandishi wa hadithi za upelelezi, na tangu mwaka 1949 hadi kifo chake alikuwa rais wake.

Mnamo Januari 1924 alijifungua mtoto wa kiume nje ya ndoa. Kwa kuogopa aibu na kwa ajili ya wazazi wake wazee, alimkabidhi mtoto kwa binamu yake amlee, akamgharimia kutokana na mapato yake. Jambo hilo lilijulikana kwa umma baada ya yeye kufa. Mwaka 1926 aliolewa na mwandishi wa habari Oswald Atherton Fleming, aliyekuwa ameathiriwa na Vita Kuu ya Kwanza. Waliishi Witham, katika wilaya ya Essex, na Fleming alifariki mwaka 1950.

Kuelekea tamthilia za dini

Aliombwa kuandika tamthilia kwa ajili ya tamasha la mwaka 1937 la kanisa kuu la Canterbury. Miaka miwili kabla yake, T. S. Eliot alikuwa ametoa Murder in the Cathedral kwa ajili ya tamasha hilohilo. Sayers aliandika The Zeal of Thy House, habari za William wa Sens, mjenzi aliyejenga upya sehemu ya kanisa hilo baada ya moto wa mwaka 1174, akaanguka kutoka jukwaa la ujenzi. Katika tamthilia hiyo kiburi cha fundi ndicho kinachomwangusha, lakini kazi njema inabaki kuwa sala yake.

Siku ya Krismasi ya mwaka 1938, BBC ilirusha mchezo wake wa kwanza wa dini kwa redio, He That Should Come. Mtayarishaji alikuwa Val Gielgud, mkuu wa idara ya michezo ya kuigiza ya BBC na ndugu wa mwigizaji John Gielgud. Sayers hakuanza na malaika wala nyimbo za Noeli, bali na nyumba ya wageni iliyofurika watu huko Bethlehemu. Mfanyabiashara, Mfarisayo, askari wa Kirumi na wengineo wanalalamikia kodi, barabara na siasa, huku tukio lenyewe likitokea zizini karibu bila wao kujua. Msikilizaji alisikia watu halisi wa nchi iliyotawaliwa na wageni. Mafanikio ya mchezo huo ndiyo yaliyomletea ombi kubwa zaidi.

Ombi la BBC

Mnamo Februari 1940 mkurugenzi wa matangazo ya dini wa BBC, kasisi James Welch, alimwandikia Sayers barua. Alimwomba atunge mfululizo wa michezo juu ya maisha ya Yesu kwa ajili ya kipindi cha watoto cha Jumapili. Welch aliona kwamba Waingereza wengi walikuwa wameachana na Kanisa, na kwamba lugha ya mahubiri haikuwaambia kitu tena. Redio iliingia katika nyumba ambazo kasisi hakuweza kuingia. Kwa kuwa BBC iliendeshwa kwa ada ya leseni ya redio, wakati huo shilingi 10 kwa mwaka, wasikilizaji wote walikuwa wameilipia, waumini na wasioamini vilevile.

Sayers alikubali kwa masharti. Kwanza, Yesu mwenyewe aonekane kama mhusika mwenye sauti, badala ya watu wengine kusimulia aliyoyasema. Pili, michezo iandikwe kwa uhalisia uleule wa He That Should Come, kwa Kiingereza cha wakati wake. Alitaka pia Val Gielgud awe mtayarishaji.

Sharti la kwanza lilikuwa zito kisheria. Tangu sheria ya majumba ya michezo ya mwaka 1843, kila tamthilia mpya iliyoonyeshwa hadharani ilipaswa kupata kibali cha Lord Chamberlain, afisa mkuu wa nyumba ya kifalme. Desturi ya ofisi yake ilikuwa kukataa mchezo wowote unaomleta Mungu au Kristo jukwaani. Redio haikuwa jukwaa, hata hivyo BBC iliona afadhali kumwuliza. Jibu lilikuwa kwamba mfululizo ungeweza kuendelea, mradi usiwe na watazamaji studioni. Hivyo sauti peke yake ilipata ruhusa ambayo mwili wa mwigizaji haukuipata.

Ugomvi juu ya mswada

Sharti kuhusu Gielgud halikutimizwa mwanzoni. Kipindi cha watoto kilikuwa na uongozi wake chini ya Derek McCulloch, mtangazaji aliyependwa sana na watoto wa Uingereza, na kwa utaratibu wa shirika mchezo wa kipindi hicho ulitayarishwa na watu wake. Isitoshe, vita vilikuwa vimezihamisha idara za BBC kutoka London na kuzitawanya katika miji mbalimbali. Mambo ambayo yangemalizwa kwa kikao kimoja yalijadiliwa kwa barua.

Mwishoni mwa mwaka 1940 Sayers alipeleka mchezo wa kwanza. McCulloch aliusifu, lakini baadaye msaidizi wake alimwandikia Sayers akiorodhesha sehemu alizoona zinawazidi watoto kimo, akapendekeza zibadilishwe. Sayers alikasirika. Kwa maoni yake, mtunzi hujadiliana na mtayarishaji atakayefanya kazi na waigizaji, naye huwa tayari kubadili jambo ambalo haliwezekani studioni. Hakuwa tayari kubadilishiwa lugha na watu wa ofisini kwa kukisia tu kile ambacho watoto wanaweza kuelewa. Aliamini kwamba mtoto hahitaji kuelewa kila neno ili avutwe na hadithi, na kwamba kumrahisishia kupita kiasi ni kumdharau.

Barua ziliongezeka ukali pande zote mbili. Mwanzoni mwa mwaka 1941 Sayers aliuchana mkataba akaurudisha BBC ukiwa vipande. Kazi ya mwaka mzima ilikuwa karibu kupotea.

Aliyeiokoa ni Welch. Badala ya kutafuta mtunzi mwingine, alimsihi Sayers kwa uvumilivu, akafanya mpango ili utayarishaji uhamishiwe kwa Val Gielgud, huku michezo ikibaki katika muda wa kipindi cha watoto. Sayers akarudi kazini. Gharama ya ugomvi huo ilikuwa miezi iliyopotea na uhusiano ulioharibika. Faida yake ni kwamba tangu hapo mtunzi na mtayarishaji walifanya kazi bega kwa bega, naye Sayers alihudhuria mazoezi ya waigizaji.

Ugumu wa kuandikia sikio

Kila mchezo ulichukua chini ya saa moja, na kila mmoja ulipaswa kuwa na mwanzo, kilele na mwisho wake, hata kwa msikilizaji aliyekosa uliotangulia. Kwa kazi hiyo Sayers alikabiliwa na matatizo kadhaa.

La kwanza ni kwamba Injili ziko nne, wala hazipangi matukio kwa namna moja. Sayers alisoma Agano Jipya katika Kigiriki chake, akatumia vitabu vya wafafanuzi, kisha akaunda simulizi moja yenye mfuatano. Alitegemea sana Injili ya Yohane, kwa kuwa aliona mwandishi wake anaeleza mambo kama shahidi anayekumbuka alichokiona na kukisikia.

La pili ni wingi wa watu. Mtazamaji wa jukwaani hutofautisha wahusika kwa sura na mavazi, lakini redioni mitume 12 wakizungumza pamoja ni kelele tupu. Hivyo Sayers aliwapa wachache wao tabia na namna ya kusema inayotambulika haraka. Mathayo mtoza ushuru, kwa mfano, anazungumza kama mtu wa mitaa ya London aliyezoea hesabu na biashara. Msimulizi, aliyeitwa Mwinjili, aliunganisha matukio kwa maneno machache.

La tatu ni watu wanaojitokeza mara moja katika Injili na kutoweka. Mchezo wa kuigiza unahitaji watu wanaorudi. Sayers alimbuni Proclus, Mrumi anayeonekana akiwa kijana katika jumba la Herode wakati wa kuzaliwa Yesu. Baadaye ndiye akida ambaye mtumishi wake anaponywa, na mwishoni, akiwa mzee, yupo chini ya msalaba. Vivyo hivyo alimfanya Maria Magdalena na Maria wa Bethania kuwa mtu mmoja, kama ilivyokuwa mapokeo ya muda mrefu katika Ukristo wa magharibi.

La nne, na gumu zaidi kwake, lilikuwa Yuda Iskariote. Tamaa ya vipande 30 vya fedha haikumtosha Sayers kama sababu. Tena, kama Yuda angekuwa mwovu tangu mwanzo, Yesu angeonekana mjinga kwa kumchagua. Alimchora Yuda kama mwenye akili kuliko mitume wenzake, anayeelewa mapema kwamba njia ya Masiya ni mateso, lakini mwenye kiburi kinachomfanya amshuku Bwana wake. Ili njama iendelee alimbuni Baruku, Mzeloti anayetaka kumtumia Yesu kuongoza uasi dhidi ya Roma. Usaliti wa Yuda unatokana na kudhani kwamba Yesu amekubali ufalme wa dunia hii.

Tatizo la mwisho lilikuwa sauti ya Yesu. Akizungumza kwa maneno ya Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 huku wengine wote wakizungumza kama majirani, angesikika kama mgeni kutoka karne nyingine. Akizungumza kama wao kabisa, uzito wa maneno yake ungepotea. Sayers alitafuta lugha nyepesi isiyo ya mtaani, iliyo karibu na maandiko bila kuyanakili. Sehemu hiyo alipewa Robert Speaight, mwigizaji aliyekuwa amecheza kama Thomas Becket katika tamthilia ya Eliot, na utambulisho wake haukupewa uzito katika matangazo.

Kelele za Desemba 1941

Tarehe 10 Desemba 1941 BBC iliita waandishi wa habari mjini London kuwaeleza juu ya mfululizo huo. Sayers alieleza nia yake, akasoma vipande vya maongezi kama mfano. Kimojawapo kilikuwa kile ambapo Mathayo anamkemea Filipo kwa kupunjwa pesa sokoni, akitumia lugha ya mtaani.

Magazeti yalikikamata hicho. Siku iliyofuata baadhi ya vichwa vya habari vilidai kwamba maisha ya Kristo yataigizwa kwa misimu ya Kimarekani. Wasomaji wengi waliachwa wakidhani kwamba Yesu ndiye atakayezungumza hivyo.

Chama cha Lord's Day Observance Society, kilichotetea heshima ya siku ya Jumapili, kililitangaza jambo hilo kuwa kufuru. Kilitaka waziri mkuu Winston Churchill na Askofu Mkuu wa Canterbury wauzuie mfululizo, na kiliwahimiza watu waiandikie BBC. Chama cha Protestant Truth Society kiliungana nacho. Wapinzani hao walikuwa na hoja mbili: kwamba si halali mwanadamu mwenye dhambi kuigiza nafsi ya Mwana wa Mungu, na kwamba kubadili maneno ya Biblia ni kuyashusha. Wengi wao hawakuwa wamesoma hata ukurasa mmoja wa mswada, kwa kuwa haukuwa umechapishwa.

Tarehe 19 Desemba jambo lilifika bungeni, ambapo waziri wa habari, Brendan Bracken, aliulizwa kama serikali ingeingilia kati. Bracken alielekeza suala kwa kamati ya ushauri wa mambo ya dini ya BBC, iliyokuwa na wawakilishi wa madhehebu makuu. Mwenyekiti wake alikuwa Cyril Garbett, askofu wa Winchester, ambaye aliunga mkono kazi hiyo. Kamati ilisoma michezo iliyokuwa tayari na kukubali iendelee, ikipendekeza marekebisho machache. Kwa mara nyingine Welch alisimama katikati: upande mmoja wajumbe waliotaka maneno fulani yaondolewe, upande mwingine mtunzi ambaye tayari alikuwa amechana mkataba mmoja. Safari hii Sayers alikubali kulegeza sehemu ndogondogo pale ambapo mchezo wenyewe haukuharibika.

Mfululizo hewani

Mchezo wa kwanza, Kings in Judaea, ulirushwa Jumapili tarehe 21 Desemba 1941. Mingine 11 ilifuata mwaka 1942, takriban mmoja kwa mwezi, mpaka tarehe 18 Oktoba. Sayers aliendelea kuandika ya mwisho wakati ya mwanzo imekwisha kusikika. Alikuwa akishindana na tarehe za utangazaji, katika nchi iliyokuwa na upungufu wa karatasi, magari ya moshi yaliyojaa askari na mitaa isiyo na taa usiku.

Upinzani haukukoma mara moja. Singapore ilipotekwa na Wajapani mnamo Februari 1942, wako waliosema kwamba Mungu anaiadhibu Uingereza kwa ajili ya michezo hiyo. Lakini kadiri miezi ilivyopita, barua za shukrani zilizidi za lawama. Waliosikia wenyewe walikuta kitu tofauti na kile walichoonywa: Pilato aliyefanana na mtawala wa koloni, makuhani wakuu wenye hofu ya kisiasa inayoeleweka, na kifo cha kikatili kilichotekelezwa na watu wa kawaida. Hilo ndilo lililokuwa kusudi la Sayers. Aliona kwamba uzuri wa lugha ya zamani umewafanya watu wasahau kwamba msalaba ulikuwa mauaji yaliyofanywa na serikali yenye sheria.

Welch na Sayers walikiri kwamba wapinzani, bila kutaka, waliupatia mfululizo tangazo kubwa ambalo BBC isingeweza kulinunua. Sayers aliwashukuru kwa kejeli katika kitabu.

Kitabu hicho kilitolewa na Victor Gollancz mwaka 1943, pamoja na utangulizi mrefu wa mtunzi na maelezo kuhusu kila mhusika kwa ajili ya waigizaji. Kimebaki kuwa mwongozo wa thamani kwa yeyote anayetaka kuyageuza maandiko matakatifu kuwa mchezo wa kusikilizwa. Mwandishi C. S. Lewis, rafiki wa Sayers, alikuwa na desturi ya kukisoma upya katika Juma Takatifu.

Shahada aliyoikataa

Mwaka 1943 Askofu Mkuu wa Canterbury, William Temple, alitaka kumtunukia shahada ya udaktari wa teolojia kwa ajili ya The Man Born to Be King na kitabu chake The Mind of the Maker (1941), ambacho kinalinganisha ubunifu wa msanii na fumbo la Utatu. Sayers alishukuru lakini akakataa. Aliona kwamba heshima hiyo ingemfunga na kumfanya aonekane msemaji wa Kanisa, ilhali alitaka kubaki mtunzi huru. Baadhi ya walioandika maisha yake wanahusisha uamuzi huo pia na siri ya mtoto wake. Mwaka 1950 alipokea udaktari wa heshima wa fasihi kutoka Chuo Kikuu cha Durham.

Miaka ya mwisho

Mwaka 1944, wakati wa mashambulizi ya mabomu ya Wajerumani, Sayers alianza kumsoma mshairi wa Italia Dante Alighieri, akavutwa kiasi cha kujifunza Kiitalia cha zamani na kuanza kuitafsiri Komedia ya Kimungu kwa Kiingereza katika beti zenye vina kama za asili. Jehanamu ilitoka mwaka 1949 na Toharani mwaka 1955. Aliandika pia tamthilia nyingine za dini, zikiwemo Just Vengeance kwa ajili ya kanisa kuu la Lichfield mwaka 1946 na The Emperor Constantine mwaka 1951.

Alifariki ghafla nyumbani kwake Witham tarehe 17 Desemba 1957 kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na umri wa miaka 64, kabla ya kumaliza tafsiri ya Paradiso. Rafiki yake Barbara Reynolds aliikamilisha, ikatoka mwaka 1962. Majivu yake yalizikwa chini ya mnara wa kanisa la Mtakatifu Anna, Soho, London, ambako alikuwa mmoja wa wazee wa kanisa.

Urithi

BBC ilirudia The Man Born to Be King mara kadhaa katika miaka iliyofuata. Mwaka 1968 mamlaka ya Lord Chamberlain juu ya tamthilia yalifutwa kisheria, na tangu hapo kumwonyesha Yesu jukwaani hakukuhitaji tena kibali cha ofisi yake. Redio ilikuwa imetangulia kwa zaidi ya robo karne.

Kazi ya Sayers imekosolewa pia. Baadhi ya wahakiki wanaona kwamba namna alivyowachora Wayahudi katika maandishi yake kadhaa ina chembe za chuki zilizokuwa za kawaida katika jamii yake, na wengine hawakubaliani na maelezo yake juu ya Yuda. Lugha aliyoichagua kwa sababu ilikuwa ya kisasa, leo inasikika kama Kiingereza cha miaka ya 1940, na hivyo kila kizazi kinachotaka kuigiza Injili kinalazimika kuifanya upya kazi aliyoifanya.

Hata hivyo historia ya mfululizo huo inaonyesha kilichohitajika ili ufaulu: mtunzi aliyejua ufundi wake na maandiko yenyewe, mtayarishaji aliyeaminiana naye, waigizaji wanaofaa kwa sikio, na kiongozi wa taasisi aliyekuwa tayari kubeba lawama. Bila ukaidi wa Sayers mswada ungelainishwa hadi kupoteza nguvu. Bila uvumilivu wa Welch usingefika hewani.